Iandikwe Kwanza, Ndipo Iachiwe Mashine

Kila mwalimu aliyepitia chuo cha ualimu anajua kwamba somo halianzi darasani. Huanza katika andalio la somo, pale mwalimu anapolazimika kuandika shabaha yake, zana atakazozitumia, hatua atakazozifuata na muda wa kila hatua. Wako wanachuo wanaoliona andalio kuwa adhabu, kwa kuwa wanadhani yote wanayokusudia kufundisha yamo vichwani mwao. Lakini andalio hilo likipewa mwalimu mwingine ili alifundishie, mara moja hudhihirika ni yapi yaliyoandikwa na ni yapi yaliyobaki kichwani.

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi tulivyoitumia kanuni hiyo katika kufundisha kazi iliyo ngeni kwa vyuo vyetu vingi, nayo ni kupeleka toleo jipya la programu ya tovuti kwenye seva, na kisha kuiachia kompyuta yenyewe kazi hiyo. Rai yetu ni moja: kazi isiyoweza kuandikwa hatua kwa hatua haifai kuachiwa mashine, na mwanachuo asiyeweza kuiandika bado hajaijua.

Kazi yenyewe

Chuoni kwetu iko programu inayotumika wakati wa mazoezi ya kufundisha. Wakufunzi wanaozuru shule huingiza humo alama za kila somo walilolikagua, na wanachuo husoma humo maoni waliyoandikiwa. Programu hiyo imeandikwa kwa lugha ya Python, kwa msaada wa Django, nayo inakaa kwenye seva, yaani kompyuta iliyo macho usiku na mchana kuwahudumia watu wengi kwa njia ya mtandao. Kila kasoro inaposahihishwa, au ukurasa mpya unapoongezwa, hapana budi toleo jipya lipelekwe kwenye seva hiyo.

Anayeitazama kazi hii kwa mbali hudhani kuwa ni kunakili mafaili tu. Sivyo. Kwanza, majaribio ya programu hayana budi kuendeshwa na kufaulu. Pili, nakala ya akiba ya hifadhidata itolewe na kuwekwa mahali pengine. Tatu, msimbo mpya, yaani maandishi ya programu, uchukuliwe kutoka ghalani, nasi ghala letu twalitunza kwa Git. Nne, maktaba za programu zinazohitajiwa na toleo hilo zisakinishwe. Tano, majedwali ya hifadhidata yabadilishwe yapate kulingana na toleo jipya. Sita, picha na mafaili ya mapambo ya kurasa yakusanywe mahali ambapo Nginx, programu inayowapokea wageni wa tovuti, itayakuta. Saba, huduma iwashwe upya. Nane, mtu aufungue ukurasa na kuhakikisha kwamba unafanya kazi.

Hatua hizi zina mpangilio wake. Huduma ikiwashwa upya kabla ya majedwali kubadilishwa, programu itatafuta safu isiyokuwapo, na mkufunzi aliyeko shuleni atakutana na ukurasa wa kosa. Hatua ya saba ikisahauliwa, msimbo mpya utakuwa umelala kwenye diski huku seva ikiendelea kutumia ule wa zamani uliomo katika kumbukumbu yake, na mtu aweza kutafuta kosa mchana kutwa katika maandishi yasiyo na kosa.

Mkasa wa namna hiyo si mpya. Mwaka 1976, katika maabara za Bell nchini Marekani, Stuart Feldman aliandika programu iitwayo Make baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo lilikuwa limekwisha kusahihishwa. Faili lililosahihishwa halikuwa limetafsiriwa upya katika lugha ya mashine. Make huangalia ni yapi yaliyobadilika, kisha hutenda yale tu yapasayo kutendwa. Vyombo vilivyokuja baadaye, kama vile Capistrano, Jenkins na Ansible, vililikuta wazo hilo likiwa tayari: yale yanayorudiwarudiwa kwa mpangilio ule ule yaandikwe mara moja, kisha mashine iyarudie.

Ujuzi uliomo kichwani mwa mtu mmoja

Kwa muda wa miaka miwili kazi hii chuoni kwetu ilijulikana kwa mkufunzi mmoja tu. Alikuwa hodari, naye aliimaliza kwa dakika ishirini. Hakuna aliyemlaumu kwa kutoiandika, kwa kuwa hakuna aliyemwomba aiandike. Alipopata uhamisho alituachia neno la siri ndani ya bahasha, pamoja na karatasi yenye mistari mitano.

Muhula ule ule ilionekana kasoro katika programu: mkufunzi alipoingiza alama za ukaguzi wa pili, maoni ya ukaguzi wa kwanza yalifutika. Kuusahihisha msimbo kulichukua nusu siku. Kulipeleka sahihisho hilo kwenye seva kulichukua majuma matatu, maana kila aliyeombwa kulipeleka alihofu kuyaharibu yaliyokuwapo, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Wakufunzi walirudia karatasi. Karatasi zilisafiri kwa basi, nyingine zilichelewa, na wako wanachuo waliomaliza mazoezi yao pasipo kuyaona maoni ambayo yangewasaidia kujirekebisha. Kwa mwanachuo hilo si jambo dogo. Aliyesimama mbele ya watoto sabini kwa mara ya kwanza hawezi kujiona mwenyewe. Hujiona kwa macho ya mkufunzi wake. Maoni yakimfikia baada ya mazoezi kwisha, hana darasa tena la kujaribia.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali ya chuo. Ndipo tulipoamua kwamba kazi hii isifanywe tena kuwa siri ya fundi mmoja, bali iwe somo la wanachuo wa kompyuta, nao waifanye ipasavyo.

Mfano wa Knight Capital

Ili wanachuo wasidhani kwamba hili ni tatizo la vyuo visivyo na fedha, huwa twaanza na mkasa wa Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Mwishoni mwa Julai 2012 msimbo mpya ulipelekwa kwenye seva nane za kampuni hiyo kwa mkono. Saba ziliupata, moja haikuupata. Katika hiyo moja ulibaki msimbo wa zamani ambao kazi yake ilikwisha miaka mingi nyuma, lakini haukuwa umefutwa. Na ishara iliyokuwa ikiuamsha msimbo huo wa zamani ndiyo iliyopewa kazi mpya katika seva nyingine.

Soko lilipofunguliwa asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, seva ile ilianza kutuma maagizo pasipo kikomo. Mafundi walipojaribu kurekebisha mambo, waliuondoa msimbo mpya katika zile seva saba zilizokuwa salama, na hapo balaa likazidi. Kwa muda wa dakika 45 maagizo 212 ya wateja yalikuwa yamezaa biashara zaidi ya milioni 4, na hasara ya kampuni ilipita dola milioni 460. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine. Mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, ilipotoa uamuzi wake Oktoba 2013, ilieleza kwamba hakukuwa na fundi wa pili aliyeikagua kazi ile, wala hakukuwa na utaratibu ulioandikwa wa kutaka ikaguliwe.

Kisha twawauliza wanachuo: kosa ni la nani? Jibu la kwanza huwa ni la fundi. Twawaacha wajadiliane. Baada ya robo saa hivi mmoja wao huuliza ni nani aliyeagiza kazi nzito kama hiyo itegemee jicho na kumbukumbu ya mtu mmoja. Hapo darasa huwa tayari kuanza somo.

Hatua za somo

Zana zetu ni chache: kompyuta kuukuu moja iliyosakinishwa Linux, ambayo ndiyo seva ya mazoezi, majina na alama za kubuni, ili mtu yeyote asiharibikiwe, karatasi na penseli.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Wanachuo hukaa wawili wawili. Mmoja huipeleka programu kwenye seva ya mazoezi kwa mkono, na mwenzake huandika kila afanyacho, pamoja na yale yanayofanywa bila kufikiri. Aliingia folda gani? Alitumia jina la mtumiaji yupi? Alijuaje kwamba hatua imefaulu: aliona neno gani kwenye skrini?

Hatua ya pili ni kubadilishana. Karatasi hupewa mwanachuo ambaye hakuwapo, naye hutakiwa kutenda yaliyoandikwa na hayo tu. Aliyeiandika hukaa kando pasipo kusema neno. Hapa ndipo moyo wa somo ulipo. Karatasi yasema, “Washa upya,” lakini haisemi kiwashwe kipi. Karatasi yasema, “Chukua toleo jipya,” lakini mtendaji yumo katika folda nyingine. Mwandishi huinuka kitini, hujishika mdomo, hukaa tena. Hatujapata kuona karatasi ya kwanza iliyofika mwisho bila kukwama. Kila mahali ilipokwama hutiwa alama, na karatasi hurudishwa kwa mwenyewe aisahihishe, mpaka mgeni aweze kuimaliza peke yake.

Hatua ya tatu ni kugeuza kila mstari kuwa amri ya kompyuta, na amri hizo kukusanywa katika skripti, yaani faili moja la amri ambazo kompyuta huzitekeleza kwa kufuatana. Kwa kuwa karatasi imekwisha kunyooka, hatua hii haina shida kubwa. Mwanachuo aliyeirukia hatua hii mwanzoni huandika skripti fupi ya kupendeza inayofanya kazi kwenye kompyuta yake tu.

Hatua ya nne ni kuweka ulinzi. Mtu anapokosea hatua ya tano huduwaa na kusita. Mashine haina mshangao. Skripti ya kawaida, amri moja ikishindwa, huendelea na amri inayofuata kana kwamba hakuna lililotokea. Katika Bash, maneno set -e yakiandikwa mwanzoni huiagiza isimame mara amri inaposhindwa. Nasi twataka wanachuo walione tatizo kwanza bila maneno hayo, ndipo waonyeshwe dawa yake.

Ulinzi wa pili ni kuifanya kila hatua iweze kurudiwa bila madhara. Umeme wetu hukatika na mtandao hupotea katikati ya kazi. Skripti inayosema, “Unda folda,” itashindwa mara ya pili kwa sababu folda ipo. Inayosema, “Hakikisha folda ipo,” itapita salama. Twawakumbusha ubao: kuufuta ubao uliokwisha kufutwa hakuuharibu. Ansible imejengwa juu ya kanuni hiyo, kwamba mtu aeleze hali anayoitaka, na chombo kitende tu pale hali hiyo inapokosekana.

Hatua ya tano ni njia ya kurudi. Kila toleo huwekwa katika folda yake yenye tarehe na saa, na kiungo kimoja huelekeza seva kwenye folda inayotumika. Kulitumia toleo jipya ni kukielekeza kiungo kwenye folda mpya; kurudi nyuma ni kukielekeza tena kwenye ile ya zamani. Ndio utaratibu wa Capistrano, nao hueleweka upesi ukichorwa ubaoni. Lakini mwanachuo asidanganyike: kiungo huurudisha msimbo, hakiyarudishi majedwali. Safu iliyofutwa imefutwa. Kwa hiyo twafundisha kwamba safu mpya iongezwe katika toleo moja, na ile ya zamani ifutwe katika toleo la baadaye, baada ya kuonekana kwamba hakuna anayeihitaji.

Pamoja na hayo iko nakala ya akiba. Twawasimulia habari za GitLab, kampuni inayowahifadhia watu misimbo yao. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wake mmoja, akipambana na tatizo usiku, alifuta data katika seva kuu akidhani kuwa yumo katika seva ya pili. Walipozitafuta nakala za akiba, walikuta kwamba utaratibu wa kuzitoa kila siku ulikuwa umeshindwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala nyingine iliyotolewa yapata saa sita kabla ya hapo, na data za saa hizo sita zilipotea. Kampuni iliyaeleza yote hayo hadharani, na ndiyo maana leo tunaweza kuyafundisha. Wanachuo wetu hutakiwa kuichukua nakala ya akiba, kuirejesha kwenye kompyuta tupu, kisha kuhesabu kama idadi ya alama imetimia. Nakala ambayo haijapata kurejeshwa ni tumaini tu.

Pingamizi za wenzetu

Baadhi ya wakufunzi wenzetu wametuuliza: je, mashine ikiifanya kazi yote, mwanachuo atajifunza nini zaidi ya kubonyeza kitufe? Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa kusifu mashine. Ni kweli kwamba anayepewa skripti iliyokwisha kuandikwa hajui kilichomo, na siku ikisimama katikati hatakuwa na la kufanya. Kwa sababu hiyo hakuna anayeruhusiwa kuitumia skripti kabla ya kuifanya kazi kwa mkono mara tatu. Tena mara moja kila muhula twaiharibu seva ya mazoezi kwa makusudi: twaijaza diski, au twabadilisha neno la siri la hifadhidata, kisha twawataka waisome habari ya kosa na kueleza skripti imesimama wapi, kwa nini, na ni yapi yaliyokwisha kutendeka kabla ya kusimama.

Wengine husema kwamba kuandika skripti huchukua muda mrefu kuliko kuifanya kazi yenyewe. Kwa mara ya kwanza ni kweli. Skripti yetu ilichukua siku nne, na kazi ilikuwa ya dakika ishirini. Lakini hesabu hiyo haihesabu majuma matatu tuliyoyataja, wala haihesabu hofu. Kazi inayoogopwa huahirishwa. Inayoahirishwa hulimbikiza mabadiliko. Na mabadiliko mengi yakipelekwa kwa pamoja, kosa likitokea haijulikani limetoka wapi. Tangu skripti ianze kutumika twapeleka mabadiliko madogo madogo, mara mbili au tatu kwa mwezi, na likitokea kosa twajua pa kulitafuta.

Yasiyoachiwa mashine

Hata hivyo si kila jambo huandikwa katika skripti. Mashine haijui kwamba kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuingiza alama, na kwamba siku hiyo si siku ya kubadilisha kitu. Haijui kwamba mkufunzi aliye katika shule ya mbali amepanda kilima kutafuta mtandao, na hatapanda tena mpaka kesho kutwa. Kuchagua siku, kuwaarifu watu mapema, kuamua kurudi nyuma hata pale ambapo majaribio yote yamefaulu lakini walimu wanalalamika: hayo hubaki kwa mtu mwenye dhamana. Maneno ya siri nayo hayaandikwi ndani ya skripti wala kuwekwa ghalani pamoja na msimbo. Hukaa katika faili la peke yake kwenye seva, ambalo ni wachache tu wenye ruhusa ya kulisoma.

Mapendekezo

Kwa vyuo visivyo na seva, somo hili laweza kuanza na kompyuta moja, hata bila mtandao, kwa kuwa mambo yake mazito yako katika karatasi. Zoezi la kubadilishana maelezo lafaa pia kwa kazi zisizohusu kompyuta: kuandikisha wanafunzi wapya, kupanga ratiba ya mitihani, kufunga hesabu za duka la shule. Mwalimu atakayepangwa katika shule yenye kompyuta tatu na asiye na mwenzake wa kumwuliza atahitaji zaidi tabia hiyo ya kuandika kuliko ustadi wa chombo chochote kile, kwa sababu vyombo hubadilika.

Mtihani wetu wa mwisho ni huu. Mwisho wa mwaka, wanachuo wanaoingia hupewa seva tupu ya mazoezi na faili la maelezo walilolitayarisha wanaotoka, nao huambiwa waisimamishe programu tangu mwanzo. Wanaotoka hukaa nyuma ya chumba wakitazama, na hawaruhusiwi kusema. Kazi ikifika mwisho, au ikikwama njiani, alama hutolewa kwa wale waliokaa nyuma.